Vumbi la shambani likishaingia kifuani linaenda wapi?

Tukimaliza kupura au kupepeta nafaka tunapenga makamasi meusi, tunakohoa kidogo, tunakunywa maji, basi tunaona vumbi limeshatoka. Limetoka ndio, ila lile kubwa kubwa tu. Chembe zinazozidi mikroni 10 hivi (mikroni moja ni milimita moja ukiigawa mara elfu) nyingi zinanaswa puani na kooni, ndo maana uzoee kupumua kwa pua ukiwa kazini, ukipitisha hewa mdomoni umeruka chujio la kwanza.

Zinazopita hapo zinagonga kuta za njia za hewa pale zinapogawanyika, zinanata kwenye ute. Humo ndani kuna vinyweleo vidogo sana vinapiga piga muda wote vikisukuma ule ute kwenda juu, ukifika kooni unautema au unaumeza bila hata kujua, na kwa mtu mwenye afya sehemu kubwa inatoka ndani ya siku moja. Sigara inavidhoofisha hivyo vinyweleo, so mvutaji kwenye kazi ya vumbi anajimaliza mwenyewe.

Sasa balaa liko kwa zile za mikroni 1 mpaka 5. Hizi huzioni kwa macho (unywele wako una kama mikroni 70), zinashuka taratibu hadi kwenye vifuko vya hewa huko mwisho kabisa na huko vinyweleo hakuna. Kuna seli za ulinzi zinazozimeza, lakini kazi hiyo inachukua wiki, miezi, na silika (yale madini magumu ya mchanga yaliyomo kwenye udongo) inaweza kukaa miaka ikiacha makovu. Mbegu za kuvu kwenye nyasi au nafaka iliyohifadhiwa bila kukauka nazo nyingi ni saizi hiyo hiyo. Ukifungua mzigo wenye ukungu alafu masaa 4 mpaka 8 baadae ukapata homa, kutetemeka, kikohozi na kifua kubana, usiseme tu ni mafua, mwambie daktari ulikua unashika nini.

Kwa hiyo anzia kwenye kukausha vizuri kabla ya kuhifadhi, barakoa inakuja baadae. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia banda, simama upande upepo unakotokea, fungua madirisha. Kitambaa puani kinazuia yale mavumbi ambayo pua ingeyazuia yenyewe, zile ndogo nyingi zinapita tu, tafuta barakoa ya N95 au FFP2, yaani ile inayochuja chembe ndogo, na ibane uso vizuri, mwenye ndevu hewa inapenya pembeni. Ikishalowa au ukaanza kupumua kwa shida, badilisha.