Kupima Udongo wa Kiwanja cha Mteremko Bukavu Kabla ya Kuchora Msingi

Viwanja vingi vya Bukavu huandaliwa kwa namna moja: mlima hukatwa upande wa juu, na udongo uliokatwa humwagwa upande wa chini hadi mahali pawe tambarare. Nyumba ikijengwa hapo, nusu yake hukaa juu ya udongo wa asili uliobanwa tangu zamani na uzito wa mlima, na nusu nyingine hukaa juu ya kifusi kilichowekwa juzi. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama udongo unaweza kubeba nyumba. Yapasa kujua nguzo za upande wa chini zitatitia, yaani zitazama ardhini, milimita ngapi zaidi ya zile za upande wa juu, kwa kuwa tofauti hiyo ndiyo inayopasua kuta. Mwongozo huu unawaelekeza wahandisi vijana na mafundi wao jinsi ya kupata jibu hilo kwa vipimo vinavyofanyika kiwanjani penyewe.

Anza kwa kutembea. Tazama miti iliyoinama, kuta za majirani zilizopasuka, ngazi za saruji zilizoachana na nyumba, na chemchemi zinazotokea katikati ya mteremko. Kwenye miteremko kama ule wa Funu hapa Bukavu, ardhi yenyewe inateremka polepole pamoja na kila kilichojengwa juu yake, na hakuna hesabu ya kutitia inayoweza kutibu jambo hilo, kwa sababu hesabu hiyo inahusu udongo unaobanwa kwenda chini tu. Ukiziona dalili hizo, acha kwanza habari ya msingi na udai uchunguzi wa uthabiti wa mteremko mzima.

Mahali pakiwa pametulia, chagua angalau sehemu tatu za kupima: moja upande uliokatwa, moja kwenye kifusi kirefu zaidi, na moja mpakani mwa viwili hivyo. Kanuni za Ulaya za uhandisi wa udongo zinataka uchunguzi wa jengo refu au zito ushuke chini ya kitako cha msingi mara tatu ya upana wake, na usipungue mita 6. Nyumba ndogo haihitaji ukali huo wote, lakini kipimo kisiishie ndani ya kifusi hata siku moja: lazima kikipite na kuingia vya kutosha katika udongo wa asili. Kwa sababu hiyohiyo ninawaonya wanaopenda kipimo cha sahani, yaani sahani ya chuma inayokandamizwa juu ya udongo, peke yake. Sahani ya sentimita 30 huhisi udongo hadi kina cha takriban sentimita 60, yaani mara mbili ya upana wake. Kilicho chini ya hapo, ambacho msingi wa mita 1.5 utakifikia, hakikuguswa kabisa.

Kifaa cha kwanza kiwe penetrometa ya mshindo, yaani fito za chuma zenye ncha zinazopigwa kwa nyundo ziingie ardhini. Ile nyepesi ina nyundo ya kilo 10 inayoanguka sentimita 50, na mapigo huhesabiwa kwa kila sentimita 10. Watu wawili wanaweza kuibeba hadi penye vichochoro ambavyo gari halifiki, jambo ambalo Bukavu si dogo. Ile nzito sana ina nyundo ya kilo 63.5 inayoanguka sentimita 75, na mapigo huhesabiwa kwa kila sentimita 20. Kila mita moja zungusha fito zote, kwa kuwa udongo wa mfinyanzi huzishika ubavuni na kukufanya udhani ncha imekutana na tabaka gumu. Ikigoma ghafla, usiandike kwamba umefika kwenye mwamba. Udongo mwekundu wa milima yetu umetokana na basalti, mwamba wa volkano, iliyooza, na ndani yake hubaki mawe makubwa ya mviringo ambayo hayajaoza. Sogea mita moja au mbili, rudia, na ulinganishe vina.

Penetrometa hukuonyesha mipaka ya matabaka na mahali palipo dhaifu. Haikupi kwa uhakika moduli ya udongo, yaani kiasi udongo unavyokataa kubanwa, na bila moduli hakuna hesabu ya kutitia inayoaminika. Ndiyo maana presiometa inastahili gharama yake. Kifaa hiki, ambacho mhandisi Mfaransa Louis Ménard alikiombea hataza mwaka 1955, ni mfuko wa mpira unaoshushwa ndani ya shimo jembamba na kujazwa maji ili usukume kuta za shimo. Shinikizo huongezwa kwa hatua kama kumi zilizo sawa, kila hatua hushikiliwa sekunde 60, na ujazo husomwa hadi mwisho wa dakika hiyo. Sehemu iliyonyooka ya mchoro wa ujazo na shinikizo hutoa moduli, na shinikizo ambalo tundu limeongezeka maradufu ndilo shinikizo la kikomo. Pima kila mita moja, na pima mara tu baada ya kutoboa, kwa maana shimo lililoachwa hadi kesho hulegea, nayo moduli hushuka kwa kosa la mpimaji wala si la udongo.

Gawanya moduli kwa shinikizo la kikomo. Katika mfinyanzi, jibu likiwa kati ya 9 na 16, alfa ya Ménard, namba ya hali ya udongo inayotumika katika hesabu ya kutitia, ni theluthi mbili; likizidi 16 ni moja; likiwa kati ya 7 na 9 udongo umevurugika na alfa ni nusu.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua msingi wa mraba wenye upande wa mita 1.5, unaoongeza kilopaskali 100 juu ya shinikizo lililokuwapo kabla ya kuchimba, na alfa ya theluthi mbili. Sehemu ya kwanza ya kutitia ni alfa mara 1.10, mara shinikizo, mara upana, kisha gawanya kwa moduli iliyozidishwa kwa tisa. Kwa sehemu ya pili, zidisha upana kwa 1.12, gawanya kwa 0.6, weka kipeo cha alfa, zidisha kwa 0.6 na kwa shinikizo mara mbili, halafu gawanya tena kwa moduli iliyozidishwa kwa tisa. Upande uliokatwa ukiwa na moduli ya megapaskali 4, utapata takriban milimita 3 na milimita 6.6, jumla karibu 10. Kifusi chenye megapaskali 1, kwa alfa hiyohiyo, kitatitia mara nne ya hapo, karibu milimita 39. Tofauti ni milimita 29. Nguzo zikiachana kwa mita 4, hiyo ni sehemu moja kwa 138. Watafiti Skempton na MacDonald walionyesha mwaka 1956 kwamba kuta huanza kupasuka kwenye moja kwa 300, na fremu yenyewe huumia kwenye moja kwa 150. Nyumba hiyo isijengwe hivyo. Na hesabu hii bado haijagusa kutitia kwa kifusi kwa uzito wake chenyewe, wala kubonyea kwake ghafla mvua inapokipenya kwa mara ya kwanza.

Mvua zetu huanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Mfinyanzi uliopimwa Julai huwa mgumu karibu na uso wa ardhi, na nambari zake hupendeza kuliko inavyostahili. Acha bomba lenye matundu ndani ya shimo moja, upime kina cha maji siku inayofuata na tena katikati ya masika. Ikiwa huwezi kungoja, usitegemee vipimo vya mita ya juu.

Tofauti ikizidi kikomo, dawa ya kwanza ni kushusha misingi ya upande wa chini hadi udongo wa asili, hata kama itabidi kuchimba visima na kuvijaza zege. Kupanua msingi juu ya kifusi husaidia kidogo tu, kwa kuwa msingi mpana huhisi kina kirefu zaidi cha kifusi hichohicho. Ujenzi ukianza, weka alama ya chuma kwenye kila nguzo ya pembeni na usome kimo chake kwa nivo, kifaa cha kupimia tofauti za kimo, kila sakafu inapomwagwa, ukilinganisha na alama iliyo kwenye mwamba au mbali na kazi. Alama ya upande wa chini ikishuka haraka kuliko hesabu ilivyosema, zege ya sakafu inayofuata isimwagwe hadi sababu ijulikane.