Grafti ya aota inavuja? Jinsi ya kuipima kwa ultrasaundi, Malindi na Lamu

Aliyewekewa grafti ya stenti (bomba la kitambaa lenye waya) ndani ya aota, mshipa mkuu wa damu, kwa sababu mshipa huo ulitanuka na kuwa uvimbe, bado hajaachana na uvimbe wake. Damu ikipata njia ya kuingia kwenye mfuko wa uvimbe, nje ya grafti, mfuko hukua na huweza kupasuka, na mara nyingi mwenyewe hasikii lolote kabla. Awe mzee wa Shela, Lamu, au mstaafu wa Kiitaliano aliyepandikiziwa kwao, anahitaji kupimwa kila mwaka, maisha yake yote.

Hatua ya 1: Mwandae. Afunge saa sita hadi nane. Mwambie tangu jana yake: asubuhi hakuna mahamri wala mbaazi, kwa sababu gesi tumboni huifunika aota. Dawa za presha anywe kama kawaida, kwa maji kidogo. Aje na karatasi zake, maana bila kipimo cha zamani, cha leo hakikwambii kitu.

Hatua ya 2: Pima mfuko. Tumia probu (kipande cha mashine kinachoshikwa mkononi) ya mbinuko ya 2–5 MHz. Tafuta penye upana mkubwa, upime mbele hadi nyuma, ukuta wa nje hadi ukuta wa nje. Hapa ndipo wengi wanapokosea: ukiukata mshipa mshazari, duara linakuwa yai na kipimo kinaongezeka bure. Zungusha probu taratibu mpaka duara lirudi, kisha pima mara tatu. Milimita 2 au 3 zinaweza kuwa za mkono wako tu. Zikifika 5, chukulia kuwa mfuko umekua.

Hatua ya 3: Washa Dopla ya rangi, inayoonyesha damu inayotembea. Shusha skeli ya kasi, kwani uvujaji mwingi ni wa polepole. Pandisha nguvu ya rangi hadi chembechembe zitapakae, kisha irudishe kidogo. Pita kutoka shingo ya uvimbe (pale grafti inaposhika aota juu yake) mpaka ncha za miguu ya grafti (matawi yake mawili ya chini). Ukiona rangi mfukoni, usiiamini bado: weka Dopla ya mawimbi, inayochora mwendo wa damu kama grafu, papo hapo. Uvujaji wa kweli hutoa wimbi linalofuata mapigo ya moyo. Rangi iliyomwagika kwa mtikisiko haitoi.

Hatua ya 4: Inatokea wapi? Kwenye shingo au ncha za miguu ni aina ya I. Kwenye viungo vya grafti au kitambaa kilichotoboka ni aina ya III. Hizi mbili hazingoji, hata mfuko usipokua: mpeleke akapanuliwe kwa puto, aongezewe kipande au awekewe grafti nyingine ndani. Damu inayorudi nyuma kupitia vijishipa vya kiunoni au mshipa wa chini wa utumbo ni aina ya II. Nyingi hujiziba zenyewe. Mfuko ukikua, huzibwa kwa koili (vijiwaya vilivyojikunja) au gundi maalumu. Kabla ya hapo omba CT yenye picha za kuchelewa (zinazopigwa muda baada ya dawa ya kuonyesha mishipa kudungwa), na upime kreatinini, kipimo cha figo, kwanza.

Akiwa na maumivu ya ghafla ya tumbo au mgongo, huenda uvimbe unapasuka: usianze kupima milimita. Kama yuko Lamu, boti ya kwenda Mokowe, ng'ambo bara, iondoke sasa hivi, na hospitali inayompokea ipigiwe simu kabla hajafika. Asijazwe maji mengi ya mshipani: maadamu anajitambua na kuongea, presha yenye namba ya juu ya 70 hadi 90 inatosha, kwa kuwa kuipandisha huongeza kutoka damu.