Kurudisha distributa ya Land Cruiser ya zamani mahali pake

Anayetoa distributa (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi) kwenye Land Cruiser FJ45 yenye injini ya 2F aweke kwanza alama ya rangi pale rota, kipande kinachozunguka ndani yake, inapoelekea, kwa sababu kazi ya dakika 10 bila alama hiyo hugeuka kuwa ya nusu siku. Ikiwa injini imeshazungushwa, chomoa plagi ya silinda ya kwanza, iliyo upande wa rejeta, ziba tundu kwa kidole, kisha zungusha injini kwa spana hadi upepo usukume kidole, maana pistoni hufika juu mara mbili katika mzunguko mmoja wa kazi, na anayeitazama tu anaweza kufunga distributa kinyume kabisa.

Wakati wa kuishusha, meno yake yaliyokatwa mshazari huizungusha rota kidogo, hivyo ianze ikiwa imepishana na alama. Isipokaa chini, usiigonge nyundo, kama nilivyoona ikifanywa. Ni kwamba mfereji wa mhimili wa pampu ya oili, ambamo ncha ya distributa huingia, haujalingana nayo, nao hugeuzwa kwa bisibisi ndefu.

Rekebisha pointi (vidude ndani ya distributa vinavyokata umeme ili cheche itoke) kabla ya taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, kwani nafasi kati ya pointi huhamisha cheche. Mwishowe chomoa mpira wa vakyumu (wa mvuto wa hewa) ulio kwenye distributa na uuzibe, acha injini ingurume polepole bila kukanyaga mafuta, umulike taa ya taimingi kwenye kidirisha cha flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, na ugeuze distributa polepole hadi kigololi kilichopachikwa kwenye flaiwili, ambacho ni alama ya digrii 7 kabla ya pistoni kufika juu, kilingane na kijiti cha kuonyeshea kilicho kwenye kidirisha hicho.