Anaimbiwa nani? Jinsi ya kuchambua mapenzi na hamu katika nyimbo za roki

Nafundisha gitaa hapa Mombasa, mtaa wa Tudor, na wanafunzi wangu wengi wamelelewa na taarabu nyumbani hata kama wenyewe wanajifanya hawaijui. Kwa hiyo swali ninaloanza nalo si geni kwao. Harusini, mwimbaji akishika wimbo, mama mmoja huinuka na noti mkononi, akapita taratibu katikati ya ukumbi kwenda kutunza, huku jicho liko kwa mtu fulani aliyekaa pale pembeni. Wimbo wenyewe unataja ua tu, au paka mwizi, lakini ukumbi mzima umeshajua nani kapigwa kijembe. Kwenye roki hakuna kutunza. Hakuna anayekuonyesha mlengwa, ndiyo maana wengi husema "wimbo wa mapenzi huu" wakaishia hapo. Mlengwa itabidi umtafute mwenyewe, nami humtafuta hivi.

Hatua ya 1: Sikiliza, kisha nakili maneno kwa mkono

Sikiliza mara moja bila kusoma chochote. Andika ulichokihisi kwa sentensi moja, hata kama unaiona ya kipuuzi. Kisha tafuta maneno. Yaliyochapishwa kwenye jalada la albamu ndiyo bora, kwa sababu yanayozagaa mtandaoni yana makosa mengi. Yanakili kwa kalamu. Mkono ukiandika, jicho haliruki mstari.

Hatua ya 2: Nani anasema, anamwambia nani, na huyo yuko wapi

Chora safu tatu daftarini, na hapa usiwe na haraka. Safu ya "yuko wapi" ndiyo inayofichua mambo. Aliye mbele yako unambembeleza, aliye mbali unamtamani, aliyekufa unamlilia. Aliyekuacha kwa hiari yake, huyo mwangalie kwa makini, kwa sababu nyimbo za aina hiyo ndizo zinazopotosha wasikilizaji.

Chukua "Every Breath You Take" ya The Police, ya mwaka 1983. Gitaa lake ni laini na halina papara, kwa hivyo wimbo huu hupigwa mpaka harusini, hata kwenye kumbi zetu za Nyali. Sasa jaza safu. Msemaji ni mtu aliyeachwa. Anayeambiwa ni huyo aliyemwacha. Yuko wapi? Sisi hatujui, ila msemaji anaijua kila hatua yake. Pitia anachokifanya beti nzima: anatazama, anatazama, anatazama. Ni pale katikati tu, muziki unapogeuka, ndipo anapokiri kwamba amepotea na kwamba analia akimsihi arudi. Hamu iko hapo. Kwingine kote ni mtu anayedai chake. Sting, mwimbaji wa The Police, aliutunga ndoa yake ya kwanza ikivunjika, na amesema waziwazi kwamba hauna upole ambao watu wanausikia. Bibi harusi akiuchagua, mimi humuuliza kwa adabu kama ameusikiliza hadi mwisho.

Hatua ya 3: Tia vitenzi rangi

Rangi moja kwa yaliyotokea, nyingine kwa yanayotamaniwa. Ukurasa ukijaa ya pili, una wimbo wa hamu. Ukijaa ya kwanza, huenda ni maombolezo, au ni masimango tu.

Hatua ya 4: Kiitikio kinaingia lini?

Nyimbo nyingi hukileta mapema na kukirudia hadi ukikariri. "Wish You Were Here" ya Pink Floyd, ya mwaka 1975, imekataa utaratibu huo. Inaanza na maswali, tena ya kusuta: unajiona unaweza kupambanua hiki na kile? Walikufanya uuze hili kwa lile? Maneno ya kutamani mwenzake awepo hayaji mpaka ubeti wa mwisho. Anagombeza kwanza, ndipo anakubali kwamba amemkosa. Aliyewahi kupokea simu ya nduguye aliyetoweka miaka mingi anaujua mpangilio huo.

Wala usisome maneno peke yake. Gitaa la kwanza limefanywa lisikike limefinywa, likitoka kwenye redio. Halafu linaingia gitaa la pili, safi na karibu kabisa, la mtu aliyekaa chumbani akifuatisha redio yake. Ukivaa hedifoni utasikia hata mtu akikohoa. Umbali kati ya watu wawili umeshasimuliwa kabla mwimbaji hajafungua kinywa, na wanaoruka utangulizi ili wawahi maneno wanaupoteza wote.

Hatua ya 5: Sasa soma historia

Siyo kabla ya hapa, kwa sababu ukianza na historia utaona tu ulichoambiwa uone. Syd Barrett alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Pink Floyd, akatoka mwaka 1968 hali yake ya akili ikiwa imezorota. Juni 1975, wenzake wakiwa studio za Abbey Road, London, wakiitengeneza albamu yenye wimbo huu, alitokea bila taarifa, amenenepa, amenyoa kichwa na nyusi, na hawakumtambua mara moja. Wengi hufunga kesi hapo: mlengwa ni Syd. Lakini Roger Waters, mwandishi wa maneno, ameeleza pia kwamba alikuwa akijisemesha mwenyewe. Rudi kwenye safu ya pili, andika majina yote mawili. Sioni haja ya kufuta moja.

Hatua ya 6: Linganisha matoleo

Hatua hii naipenda kuliko zote. "Layla" ilitolewa na Derek and the Dominos mwaka 1970. Eric Clapton, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi hiyo, alikuwa amempenda Pattie Boyd, mke wa rafiki yake George Harrison, akamficha nyuma ya jina la Laila wa Majnuni, kisa kilichotungwa kishairi na Nizami, Mwajemi wa karne ya 12. Kusitiri mpenzi kwa jina la kuazima, pwani hatuhitaji kufundishwa. Magitaa yanapiga mayowe, sauti inapanda hadi inakwaruza, msemaji anasihi akiwa magotini. Mara maneno yanakatika, piano inachukua wimbo, na kwa zaidi ya dakika tatu haimbi mtu. Mimi nasikia kusihi kulikofika ukingoni. Mwanafunzi wangu mmoja anashikilia kwamba piano ile ni jibu la mwanamke. Sikubaliani naye, ila sina mstari wa kumpinga.

Sasa weka toleo la Clapton mwenyewe la 1992, la gitaa lisilo la umeme. Mwendo ni wa polepole, ule mkia wa piano umeondolewa. Katikati ya matoleo haya mawili Clapton alimuoa Pattie, mwaka 1979, na wakaachana. Ombi ni lilelile. Mwaka 1970 anaomba asichonacho. Mwaka 1992 anarudia ombi lililokwisha kukubaliwa, na aliyempata ameshaondoka. Ukitafuta tofauti hiyo kwenye maneno hutaiona. Itafute kwenye mwendo.

Hatua ya 7: Andika sentensi moja, umpe mbishi

Iandike hivi: fulani anamtaka fulani, aliye mahali fulani, na hampati kwa sababu hii. Ilinganishe na ile ya hatua ya kwanza. Kisha mpe mtu mbishi, na kila akikuuliza "umepata wapi?" umwonyeshe mstari au sekunde. Jibu lako likiwa "nahisi tu", futa. Kwa zoezi la kwanza chagua wimbo wa dakika tatu au nne wenye beti chache. Metali nzito iache kwanza: utahangaika na kusikia maneno tu kabla hujaifikia maana.