Kufuatilia "imara" na "-enye nguvu" katika fasihi, hatua kwa hatua

Wanafunzi wanaoandika tasnifu kuhusu usawiri wa wahusika huniuliza swali moja: mwandishi akimwita mhusika "imara" au "mwenye nguvu", anatuambia nini hasa? Juzi nimemaliza kumsaidia mmoja wao. Njia tuliyoipita ni hii.

Hatua ya 1: Kusanya neno na jamaa zake

Neno moja peke yake halitoshi. Weka pamoja imara, thabiti, madhubuti, shupavu, hodari, -kakamavu, -kali na -enye nguvu, kwa sababu kila moja lina mahali lilipozoea kukaa. Hoja na ulinzi huwa madhubuti, moyo huwa shupavu, upepo na harufu huwa kali, nguzo na msimamo huwa imara. Mwandishi akivunja mazoea hayo akaandika "harufu imara", simama hapo.

Hatua ya 2: Andaa matini

Maandishi matupu yasiyo na mapambo (faili za .txt), kitabu kimoja faili moja.

Hatua ya 3: Tafuta

Hatua hii ndiyo inayokula saa. Tumia AntConc, programu ya kutafuta maneno katika matini, ambayo ni ya bure. Programu za kawaida za kuchapia hazifai kwa kazi hii: unahitaji kuona matokeo yote yamepangwa mstari chini ya mstari, neno likiwa katikati.

"Imara" halichukui kiambishi cha ngeli, kwa hiyo linapatikana kwa urahisi. Hata hivyo tafuta *imar* (nyota husimama badala ya herufi zozote) ili upate pia uimara, kuimarika na ameimarishwa. Kisha tenga mifano kama "alisimama imara", maana hapo neno ni kielezi.

Tabu iko kwenye "-enye nguvu". Ukitafuta "mwenye nguvu" tu, umeacha wenye, yenye, lenye, chenye, vyenye, zenye, penye na kwenye. Ukiyaandika yote bado utakosa "mwenyi" ya maandishi ya zamani, "aliye na nguvu", na "mwenye umbo kubwa na nguvu", ambapo maneno mengine yameingia katikati. Dawa yake ni kutafuta "nguvu" pekee, kisha kupanga matokeo kwa neno la kushoto. "Kwa nguvu" zote zitajikusanya mahali pamoja uziondoe kwa mkupuo. Zitakazobaki zipitie kwa jicho. Usiiachie mashine sehemu hiyo.

Kama kitabu kimepigwa skani, kuna mitego zaidi. Herufi m husomwa mara nyingi kama r na n, kwa hiyo tafuta pia "irnara". Neno lililokatwa mwishoni mwa mstari, "ima-ra", halitaonekana mpaka uunganishe. Mashairi ndiyo mabaya zaidi: programu ya kusoma picha inaweza kukupa ukwapi (kipande cha kwanza cha mshororo) wote kwanza, halafu utao (kipande cha pili) wote, na mishororo ikavurugika. Mashairi nayachapa upya kwa mkono, na nakushauri ufanye hivyo.

Kwa -kali, jihadhari na "makali" ya kisu, ambayo ni nomino, na "vikali" katika "alimkemea vikali".

Hatua ya 4: Soma kila tukio

Kwa kila mfano andika mambo matatu katika jedwali: sifa imepewa nani au nini, nani anaitoa (msimulizi, mpinzani, au mhusika mwenyewe), na ukurasa unaofuata unaithibitisha au unaikana. Chukua sentensi kama "Nyumba yao ilikuwa imara, ndoa yao haikuwa." Ukihesabu tu utasajili "imara" moja. Ukisoma utaona kwamba uzito wote umebebwa na ile ya pili, isiyotajwa.

Linganisha pia wanaume na wanawake ndani ya kitabu kimoja. Angalia nani anasifiwa kwa mwili na nani kwa uvumilivu. Hapo ndipo tasnifu nyingi hupata sura yao bora.

Hatua ya 5: Ushairi upime kwa vina na mizani

"Nguzo yetu ni imara" ina mizani 8. "Nguzo yetu ni thabiti" nayo 8, "Nguzo yetu madhubuti" 8, "Nguzo yetu ina nguvu" 8. Kinachozitenganisha ni kina: ra, ti, ti, vu. Neno likiwa kwenye kina, usidai kwamba mshairi alilichagua kwa maana peke yake. Likiwa katikati ya kipande, ambapo kina hakimbani, dai lako lina nguvu zaidi.

Hatua ya 6: Tafuta nguvu isiyo na kivumishi

Katika visa vya Fumo Liyongo, nguvu zake huonekana kwa namna maadui wanavyohangaika. Silaha za kawaida hazimuui, na inabidi mwanawe mwenyewe atumwe kumdadisi siri, hadi ijulikane kwamba ni sindano ya shaba ya kitovuni. Matukio ya namna hii yape safu yake katika jedwali, kando ya vivumishi, na uandike ukurasa wa kila moja.