Namna ya kumchagua fundi wa kukarabati nyumba Unguja na Pemba

Fundi anayetaja bei kabla hajaingia ndani, mshukuru na umwache aende. Nyumba ya mawe, iwe Shangani, Malindi au Wete, haikadiriwi mpaka ichunguzwe. Plasta inayobambuka, rangi iliyovimba na unga mweupe wa chumvi ukutani ni dalili tu. Aghalabu chanzo ni maji: bati linavuja, mfereji wa paa umeziba, bomba limepasuka ndani ya ukuta, au unyevu unapanda kutoka chini. Fundi wa kuaminika hutafuta kwanza maji yanaingilia wapi, ndipo azungumze pesa.

Waite mafundi watatu, kila mmoja kwa wakati wake, na wote uwaoneshe ukuta uleule mbovu. Usiwaambie unataka kufanya nini. Uliza tu, "Ukuta huu una nini?" kisha tazama. Anayeijua kazi ataomba kupanda juu ya paa, atagonga plasta asikilize wapi imeachana na ukuta, halafu atachoma boriti kwa bisibisi pale kichwa kinapoingia ukutani. Boriti huanza kuoza hapo, kwa kuwa kichwa kimefukiwa kwenye unyevu na hakipati hewa; katikati ya chumba boriti hiyohiyo inaweza kuonekana nzima kabisa. Bisibisi ikizama kwa urahisi, boriti haifai tena. Muulize pia atategemeza dari kwa kitu gani, na wapi, kabla ya kutoa boriti hata moja. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la Mji Mkongwe, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Swali hili ni la uhai wa watu, usione haya kuliuliza.

Swali linalomtenga fundi wa nyumba za mawe na wengine ni la plasta. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiufunika kwa saruji, maji yanakosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi na kubeba chumvi, chumvi inakula chokaa ya ndani, na baada ya misimu michache ya mvua plasta inaanguka kwa mapande pamoja na vipande vya ukuta. Jibu unalotaka kulisikia ni chokaa na mchanga, takriban sehemu 1 kwa 3, ukuta urushiwe maji kwanza, kisha plasta ipigwe kwa tabaka za kama sentimita 1, kila tabaka ikipewa siku kadhaa kabla ya nyingine. Muulize chokaa yake imelowekwa muda gani. Isiyozimika vizuri majini huacha chembe zinazoendelea kufumuka zikiwa ukutani, nazo hutoboa vishimo kila mahali. Anayeahidi kumaliza chumba kizima kwa siku mbili, elewa kwamba atatumia saruji.

Kwa nyumba za matofali, kama zile za Fuoni na Mwanakwerekwe, maswali ni ya mchanga na zege. Mchanga wa pwani una chumvi, chumvi huitia nondo kutu, na nondo ikishika kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani. Taka kujua mchanga unatoka wapi, na udai risiti. Kisha upime: tia mchanga nusu chupa ya kioo, jaza maji, tikisa, acha saa 3. Tope lililotulia juu likikaribia sehemu 1 ya 10 ya mchanga, gari lirudi nao. Muulize zege anapima kwa chombo gani. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hiyo zege la 1:2:4, yaani saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, linataka ndoo 3 na nusu za lita 20 za mchanga na ndoo 7 za kokoto kwa mfuko mmoja. Anayehesabu kwa koleo anakisia. Zege likishamwagwa, alinyweshe maji siku 7.

Kisha nenda ukaone kazi zake, lakini si ya mwezi uliopita. Kazi mpya zote hupendeza. Omba nyumba iliyokwisha kupitiwa na masika mawili, yaani Machi hadi Mei, mara mbili. Zungumza na mwenye nyumba fundi akiwa hayupo: alirudi alipoitwa? Bei iliongezeka kwa kiasi gani, na kwa sababu ipi? Pita pia kwenye duka la vifaa analochukulia bidhaa. Muuza duka anajua nani ana madeni.

Vibali havina mjadala. Ndani ya Mji Mkongwe, ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, kazi inahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe; kwingineko uliza manispaa au halmashauri yako. Fundi anayesema "hakuna haja" hatakuwepo siku kazi itakaposimamishwa.

Mkataba uandikwe, hata kama fundi ni jamaa yako, na sheha, kiongozi wa shehia yako, awe shahidi. Ufundi na vifaa vitenganishwe, na vifaa ununue mwenyewe. Usiandike "kukarabati chumba". Andika "plasta ya chokaa, chumba cha mbele, kuta 4, tabaka 3". Malipo ya kuanzia yasizidi asilimia 20. Fundi akichukua nusu, mara nyingi anakwenda kumalizia nyumba ya mtu mwingine, na yako itangoja pesa za mteja atakayefuata. Kinachobaki kilipwe kila hatua ikikaguliwa, na asilimia 10 ishikwe mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite.

Ongezeko la bei huzaliwa zaidi kwenye dari, kwa sababu idadi ya boriti mbovu haijulikani mpaka dari ifunguliwe. Kwa hiyo kubalianeni bei ya kubadilisha boriti moja, iandikwe mkatabani kabla ya kazi kuanza, na zile zilizotolewa zibaki uani mpaka uzihesabu.