Kutu inakula bati: namna ya kutumia «eat away at» bila kuteleza

Kutu haina meno, lakini husemwa inakula bati. Maji yanakula ukingo, mchwa wanakula nguzo, wasiwasi unamla mtu ndani kwa ndani. Kiingereza nacho kina picha hiyohiyo, na kitenzi chake ni «eat away at». Ndiyo maana anayewaza kwa Kiswahili hukielewa mara moja, na ndiyo maana pia humtega: hukipachika popote penye «kula», wakati Kiingereza kimekiwekea mipaka.

Kabla ya kukiandika, jiulize mambo matatu. Ni nini kinachokula? Ni nini kinacholiwa? Je, kazi hiyo inachukua muda? Likikosekana hilo la tatu, tafuta kitenzi kingine. Daraja lililobebwa na mafuriko usiku mmoja limekuwa «washed away». Maporomoko ya udongo ya Nametsi, Bududa, mashariki mwa Uganda, tarehe 1 Machi 2010, yalifukia kijiji kwa muda mfupi, kwa hiyo hapo ni «buried». Barafu ya Rwenzori inapungua mwaka hadi mwaka, lakini joto huyeyusha, haliumi. Andika «melting away».

Mpangilio wa sentensi ni huu: kinachokula kinatangulia, kinafuata «eat» katika umbo la wakati unaotakiwa, halafu «away at» bila kuguswa, na mwisho kile kinacholiwa.

«Rust is eating away at the roof.» Kutu inakula paa.
«Termites have been eating away at the poles for two years.» Mchwa wamekuwa wakizila nguzo kwa miaka miwili.
«The acid ate away at the metal.» Asidi ilikila chuma kidogo kidogo.

Maumbo yake ni «eat», «ate», «eaten», «eating». Kwa kuwa jambo lenyewe huenda polepole, umbo la kitendo kinachoendelea ndilo linalokikaa vizuri zaidi, hasa «has been eating» au «have been eating». Ukitaja muda wenyewe, tumia «for»: «for two years». Ukitaja ulipoanzia, tumia «since»: «since 2020». Wengi huandika «since two years», na kosa hilo huonekana kabla hata msomaji hajafika kwenye kitenzi.

Sasa neno dogo linalosumbua kuliko yote: «at». Likiwepo, maana ni kwamba kitu kinaliwa lakini bado kipo. Likiondolewa, maana husogea kuelekea mwisho wa kazi. «The acid is eating away at the pipe» ni bomba linaloshambuliwa, na ukiwahi unaweza kuliokoa. «The acid has eaten away the pipe» ni bomba lililokwisha toboka au kubaki vipande. Ni kama tofauti ya «inalila» na «imelimaliza».

Bila «at», kinacholiwa kinaweza pia kuingia katikati: «The acid ate the pipe away.» Kikiwa kiwakilishi kama «it» au «them», hapo ni lazima kikae katikati: «ate it away». Lakini «at» ikiwepo, kiwakilishi hukaa mwisho tu: «eating away at it». Hakuna «eating it away at».

Kauli ya kutendwa kwa kawaida hutumia umbo lisilo na «at»: «The wall has been eaten away by salt.» Umbo la «eaten away at by» lipo, lakini linakwaruza sikio. Afadhali ugeuze sentensi, uanze na kinachokula.

Tuchukue mfano mmoja kwa karibu. Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likavuka rekodi ya mita 13.41 ya mwaka 1964. Hapo yalitokea mambo mawili ambayo mwanafunzi huyachanganya. Maji yaliyopanda yakafunika bustani na nyumba ni «flooded»: «The lake flooded the gardens.» Mawimbi yanayopiga ukingo kila siku na kuumega kidogo kidogo, hayo ndiyo «eat away at»: «Waves have been eating away at the shore.» Ziwa ni lilelile, mwaka ni uleule, vitenzi ni viwili. Na kama unaandika jibu la jiografia, tumia «erode». Maana inakaribiana, ila «erode» ni lugha ya kitabu.

Mtego unaofuata ni wa kwetu kabisa. Uganda tunasema kwa Kiingereza «He ate the money», kama wasemaji wa Luganda wanavyosema «okulya ssente», na kila mtu hapa anaelewa kwamba fedha zimeibwa. Msomaji wa nje atashangaa kidogo, na mtahini anaweza kukata alama. Kuongeza «away at» hakuponyi kitu: «The treasurer ate away at the SACCO money» inasikika kama mhazini aliyetafuna noti. Andika «embezzled». Ila ufisadi wenyewe ukiwa ndio unaokula, na imani ya watu ndiyo inayoliwa, sentensi inakaa sawa: «Corruption is eating away at public trust.»

Mtego mwingine ni «kulika». Kwa Kiswahili soli imelika, tairi limelika. Kiingereza hakitumii «eat» kwa kitu kinachosagwa na msuguano; kinatumia «wear». Tairi ni «worn», ngazi ya jiwe iliyokanyagwa miaka mingi ni «worn away», kiatu kisichofaa tena ni «worn out». Kemikali, kutu, chumvi na wadudu ndio wenye «eat». Maji yanakubali pande zote mbili. «Wear off» iache kwa dawa ya ganzi inayoisha nguvu.

Gharama nazo zina kitenzi chao. Makato ya kutuma pesa kwa simu yakipunguza faida ya duka, andika «eat into»: «Charges eat into the profit.» Hiki husisitiza kiasi kinachomegwa. Kupanda kwa bei kunakopunguza thamani ya akiba mwaka hadi mwaka kunakubali vyote viwili.

Kwa mambo ya moyoni, anayeliwa anaweza kuwa mtu mwenyewe: «The secret ate away at her for years.» Wivu, majuto, shaka na hofu vyote vinakubalika kama kinachokula. Lakini «What's eating you?», bila «away», ni swali la kumuuliza rafiki aliyenuna, yaani «una nini leo?» Usiliandike kwenye barua rasmi.

Kwenye maandishi, angalia «away» isiandikwe «a way». Programu ya kusahihisha tahajia mara nyingi huliacha kosa hilo lipite, kwa kuwa yote mawili ni maneno halali. Kwenye kusema, mkazo uwe kwenye «wei», na ile «t» ya «eat» iungane na irabu inayofuata: «iitawei-at». «Ate» husomwa «eit» au «et», zote sawa.

Jaribu hizi tatu ukiwa umefunika majibu: chumvi inakula ukuta, tairi la bodaboda limelika, shaka inamla mwalimu.

«Salt is eating away at the wall.» «The boda boda tyre is worn.» «Doubt is eating away at the teacher.»